Naomba ushauri: kampuni ya programu yetu inawindwa na mpinzani wake

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, nashika hesabu za hoteli. Kampuni iliyotengeneza programu yetu ya mishahara na stoo inawindwa na mpinzani wake anayetaka kuinunua, na wakala anatuhimiza tutie sahihi miaka mitatu.

Kwa mfano, Oracle, kampuni kubwa ya programu ya Marekani, ilipotaka kuinunua mpinzani wake PeopleSoft Juni 2003 ilianza na dola 16 kwa hisa. Serikali ya Marekani ikaenda kortini kuzuia, ikashindwa. Desemba 2004 wakakubaliana dola 26.50 kwa hisa, jumla kama dola bilioni 10.3. Mwaka na nusu wa mvutano! Hapo ndipo ninapohofia: mishahara ikikwama mwisho wa mwezi, nani atapokea simu?

Tusaini mwaka mmoja tu, au tudai kipengele cha kurudishiwa pesa, kama PeopleSoft walivyowaahidi wateja wao? Aliyepitia haya tafadhali anielekeze.