Wachwezi tuwafundishe kama historia au kama hadithi?

Mwalimu wa Mubende: Wiki iliyopita nilipeleka darasa la sita kwenye mti wa Nakayima, kule kilimani. Watoto wameona mizizi iliyosimama kama kuta, sarafu na buni zimeachwa katikati yake, na mama mmoja amepiga magoti ananong'ona. Mtoto akaniuliza, "Mwalimu, Wachwezi walikuwa watu kweli?" Nikakosa jibu. Wazee husimulia kwamba walitutawala zamani, Ndahura, Mulindwa, Wamara, kisha wakatoweka. Milki yao ya Kitara, hapa kwetu Uganda, iwe somo la historia au la hadithi? Naomba maoni yenu.

Kijana wa Masaka: Hadithi, mwalimu. Ndahura alitupwa mtoni akiwa mchanga, akaokolewa na mfinyanzi. Hizo ni ngano za jioni. Kabila gani linatawala nchi nzima kisha linaondoka lote bila kuacha hata kaburi? Wanyoro wanajivunia milki ya kusimuliwa tu. Hata empaako zenu, yale majina ya heshima ya kusalimiana, mlizipata kwa Waluo.

Akiiki wa Hoima: Kijana, mengine nakuachia, empaako usiiguse. Nikiingia kwa bibi yangu nikamsalimia bila kumwita Abwooli, haitikii. Anaendelea kumenya viazi kama vile mlangoni hajaingia mtu. Ndiyo, wazee wanasema zililetwa na Wabito, ukoo wa wafalme uliotawala baada ya Wachwezi, na Wabito ni Waluo. Kwani kilicholetwa na babu si chetu? UNESCO iliiandika mila hiyo mwaka 2013 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka.

Dereva wa Sembabule: Hadithi haichimbi handaki. Nendeni Bigo bya Mugenyi, ile ngome ya kale kando ya mto Katonga. Mahandaki yake yote ukiyaunganisha yanapita kilomita 10, na mengine yamekatwa kwenye mwamba. Nimesimama ndani ya moja, ukingo ukanipita kichwa, na mimi si mfupi.

Kijana wa Masaka: Handaki lipo, nakubali. Jina la Mchwezi halikuandikwa humo. Wenye ng'ombe wa karne ya 14 au ya 15 walichimba, wengine wakaja kulipa jina. Makabila ya kubuni hapa kwetu hayajaanza leo. Hata Wanubi ni kabila lililotengenezwa na jeshi, na wamo kwenye yale makabila 56 ya katiba.

Binti Bombo: Sasa umefika kwangu. Hiyo 56 ni ya mwaka 1995. Tangu 2005 ni 65, kasome tena. Wazee wetu walikuwa askari walioachwa na Emin Pasha, gavana wa Ikweta kule Sudan, na Lugard, afisa Mwingereza, akawachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891. Walitoka makabila mengi ya Sudan, hatujawahi kuficha. Wakaoa hapa, wakazaa, Kinubi kikawa lugha ya jikoni. Mama yangu anasuka kawa za kufunikia chakula, mstari mwekundu, mstari wa kijani, kama alivyofundishwa na mama yake. Hilo nalo limebuniwa? Nilipokwenda ofisi moja kufuatilia kitambulisho, karani aliniuliza mara tatu, "Kwenu hasa ni wapi?" Mara tatu nikamjibu Bombo.

Kijana wa Masaka: Dada, samahani. Nilisema lilitengenezwa, sikusema ni bandia.

Binti Bombo: Uliandika "kubuni". Panda juu usome.

Akiiki wa Hoima: Kijana ana mazoea hayo. Kila mtu kwake ameazima kitu, isipokuwa Masaka.

Kijana wa Masaka: Mzee, usinitie maneno mdomoni. Hoja yangu ni kwamba Wanubi tunajua waliingia lini na nani aliwaleta. Wachwezi je?

Binti Bombo: Kumbe leo sisi ni ushahidi wako? Dakika kumi zilizopita tulikuwa mfano wa uongo.

Dereva wa Sembabule: Mimi bado nasema muende Bigo. Barabara ni mbaya mvua ikinyesha, nendeni kiangazi.

Mwalimu wa Mubende: Ndugu zangu, kesho nina kipindi cha kwanza, na yule mtoto anaketi dawati la mbele. Nimwambie nini?