Naomba ushauri: Opus au MP3 kwa muziki ninaousikiliza kwenye Linux?

Ndugu wataalamu, nina nyimbo nyingi nilizozinakili kutoka CD kwa mfumo wa FLAC, ambao hubana faili bila kupoteza chochote cha sauti, lakini diski ya kompyuta yangu inakaribia kujaa. Nafikiria kutengeneza nakala ndogo za Opus, mfumo uliosanifiwa mwaka 2012 ambao, kama MP3, hupunguza faili kwa kuacha sehemu ya sauti, kwa kuwa katika kilobiti 128 kwa sekunde masikio yangu hayakuweza kuitofautisha na faili asilia, ilhali MP3 ya kiwango hicho hicho ilikwaruza kwenye matoazi na makofi (nilisikiliza kwa hedifoni bila kujua ipi ni ipi). Programu za kuchezea muziki za VLC na mpv zinacheza zote bila shida. Kinachonitia wasiwasi ni redio ya gari, inayotambua MP3 pekee.

Je, nitengeneze nakala za aina mbili, au nivumilie MP3 ya kilobiti 320, ambayo inachukua nafasi zaidi ya mara mbili? Faili za FLAC nitazihamishia diski ya nje, maana kugeuza Opus kuwa MP3 baadaye kungepunguza ubora kwa mara ya pili.

Vilevile, aliyewahi kugeuza folda nzima kwa ffmpeg (programu ya kugeuza faili za sauti na video) bila kupoteza picha za jalada naomba anielekeze amri aliyoitumia, kwani katika majaribio yangu majina ya wasanii yalibaki lakini picha zilitoweka.