Mmefuta matangazo ya vifo redioni, sasa sisi wenye ndugu vijijini tukapige mbiu wapi?

Wakuu, habari za leo. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwenye haraka zake apite tu, tusilaumiane.

Mwezi uliopita tulifiwa na baba mdogo hapa Dar, Temeke. Dada yake, shangazi pekee aliyebaki kwenye ukoo wetu, anaishi Urambo ndani ndani huko kwenye tumbaku. Ana kitochi ambacho chaji yake mpaka akipeleke senta, siku akikumbuka. Tulipiga usiku kucha, hapatikani. Jirani yake hapatikani. Namba ya mtendaji kumbe kahamishwa, anapokea mtu wa Sikonge huko. Wazee wote waliokuwa msibani wakasema neno lilelile moja: pelekeni redioni.

Na redio ya shangazi naijua. Kitufe cha kutafutia stesheni kilivunjika siku nyingi, mshale umegandia kwenye kituo kimoja cha FM cha kanda ile na hautoki. Betri zimekaa kwa nje, zimefungwa na utepe wa tyubu ya baiskeli. Inaamka naye, inalala naye, akienda kuchambua tumbaku anaitundika bandani. Kwa hiyo msinishauri ningeenda kituo kingine. Nilikuwa nataka hichohicho, kingine chochote kwake ni sawa na kupiga kelele kisimani.

Saa 3 asubuhi niko kwenye ofisi yao ya matangazo ya hapa mjini. Karatasi nimeiandika vizuri kama tulivyozoea: fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kilichotokea lini, mazishi lini na wapi, habari ziwafikie fulani wa Urambo, fulani wa Kaliua, na ndugu na jamaa wote popote pale walipo. Nimepokewa na kijana mstaarabu, kanipa na maji ya kunywa. Akaisoma, akanirudishia.

"Pole sana mzee wangu. Ila vifo tuliacha. Sasa hivi tuna fomati yetu, michezo na burudani. Kifo kinamkata msikilizaji mudi."

Nikamwambia nalipa. Akaangalia kwenye kompyuta, akasema kifurushi cha chini ni siku saba, mara nne kwa siku. Wakuu, tangazo la kifo siku saba mara nne kwa siku! Mazishi ni kesho yake saa 10 jioni. Tungekuwa tumeshamaliza matanga, baba mdogo bado anafariki redioni kila baada ya kipindi cha mikeka ya kubeti. Alipoona nimekaa kimya akanipa ofa, nitume picha ya marehemu waiweke Instagram bure. Shangazi yangu na Instagram, haya.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonipandisha ni maneno ya mwisho wakati ananisindikiza mlangoni: "Redio zinabadilika mzee. Hata hiyo RTD yenu ilibadilikabadilika weee mpaka ikafa." Yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali tuliyokua nayo. Na tangu juzi nimelisoma hilo tena kwenye magrupu mawili ya WhatsApp, eti sisi wazee tumeganda kwenye redio moja iliyokuwa inacheza kwaya na hotuba tu.

Haya, tuongee kubadilika.

Julai 1951, enzi za Gavana Twining, Wakoloni wanaanzisha Sauti ya Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa redio ya mji kweli, kamtambo kadogo ka watu wa Kariakoo na Ilala, ukisogea mbali kidogo unasikia mvua tu. Mwaka 1956 ikafanywa shirika, Shirika la Utangazaji Tanganyika, na kwa herufi za Kizungu liliitwa TBC. Naam, TBC ya kwanza ni hiyo. Julai 1965 shirika likavunjwa, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya wizara moja kwa moja, kwa sababu serikali ilitaka redio iwe mkononi mwake na haikuona haya kusema hivyo. Baadaye ikaja TUT, yaani Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na 2007 tukarudi TBC, herufi zilezile na "Tanzania" mahali pa "Tanganyika". Majina matano. Kwa hiyo kubadilika tunakujua, mdogo wangu, wewe hujazaliwa.

Na vipindi navyo vilikuwa vinabadilika, tena sana. Ilikuwepo Idhaa ya Taifa, ikawepo Idhaa ya Biashara ambayo ndiyo ilikuwa na sabuni, dawa za meno na muziki wa kumwaga, ikawepo na Idhaa ya Nje. Ile ya nje wengi mnaisahau. Vyama vya ukombozi vya kusini, FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao, walikuwa wanapewa muda pale Dar kuongea na watu wao kwa lugha zao. Mtu yuko kwao chini ya makaburu, kajifungia chumbani, sauti ya redio kaishusha mpaka mwisho, anasikiliza Dar es Salaam. Mtangazaji wa pale hakuwa na shaka kwamba kuna mtu upande wa pili.

Mwaka 1973 ndiyo usiseme. Kampeni ya Mtu ni Afya. Redio iligeuzwa darasa. Watu karibu milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, redio inawekwa katikati, kipindi kikiisha wanajadili, wakiamka hapo wanakwenda kuchimba choo. Marehemu baba alikuwa kiongozi wa kikundi. Choo alichochimba baada ya kipindi cha redio nimekitumia mpaka namaliza darasa la saba. Mniambie leo ni kipindi gani cha redio kimewahi kumfanya mtu ashike jembe.

Na msidhani ilikuwa masomo tu. Deborah Mwenda na Mama na Mwana, mtaa mzima wa watoto unanyamaza. Pwagu na Pwaguzi. Ahmed Jongo akitangaza mpira unaona mpaka jasho la mchezaji. Vipindi vya salamu, ambapo mtu wa Tunduru anamsalimia mtu wa Tarime ambaye hawajawahi kuonana, kisa tu wote ni wanachama wa salamu na majina yao yanasikika kila wiki. Bendi zetu zilikuwa zinapanga foleni kurekodi pale Barabara ya Pugu. Halafu ngoma inagongwa, taarifa ya habari. Na katikati ya yote hayo, vifo. Hakuna aliyesema vimemkata mudi. Watu walikuwa wanashusha sauti zao na kuipandisha ya redio, maana huwezi kujua, linaweza kuwa jina la kwenu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hawa vijana wa fomati hawakijui, na mimi nimeshika ufundi redio miaka kumi na mbili kwa hiyo mnivumilie. Ile redio ilikuwa inakwenda kwa masafa ya kati, hiyo AM, na masafa mafupi. AM mchana inatambaa na ardhi, inapita mabonde na milima bila kuuliza. Jua likizama inapata nguvu nyingine: kule juu angani kuna tabaka ambalo mchana linayameza mawimbi, usiku linatoweka, basi mawimbi yanapanda yanagonga tabaka la juu zaidi na kurudi chini mamia ya kilomita mbele. Ndiyo maana usiku kwenye redio moja ulikuwa unapata Burundi, Kenya, Kongo, wote wamepandana. FM haina habari hizo. Inakwenda mnyoofu kutoka kwenye mnara, ikikuta mlima inaishia hapo. Ni safi, sikatai, lakini ni ya karibu.

Mnaona kinachofuata? Mtangazaji wa AM alikuwa anafungua mdomo akijua sauti inafika asikokujua. Kwa hiyo ilibidi aongee na mvuvi, mkulima, mgonjwa, mfungwa, mtoto, wote humohumo. Mtangazaji wa FM anajua mwisho wake ni pale mnara unapoishia, basi anaongea na washikaji zake. Leo wamefunga minara mpaka huko Urambo, wanafika kwa shangazi yangu vizuri kabisa, lakini vichwani mwao bado wanaongea na washikaji wa mjini.

Hata mageuzi ya 1993 hayakuanza hivi. Sheria ikaruhusu redio binafsi, mwaka uliofuata Radio One ikaingia hewani, na mimi nilikuwa wa kwanza kufurahi. Mwaka huohuo 1993 RTD wakaanza Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza, na yule dereva wa lori Mkwaju mwenye vimada kila kituo mpaka ukimwi ukamkuta. Kilitangazwa nchi nzima kasoro Dodoma. Wenzetu wa Dodoma walifungiwa hadi 1995, mtambo wao ukawa unarusha vitu vingine, kwa sababu watafiti walitaka kulinganisha wanaosikia na wasiosikia. Fikiria mtu anapima kama redio inabadilisha maisha ya watu! Siku hizi kinachopimwa ni wangapi wamebeti.

Na kabla hamjanirukia, sisemi RTD ilikuwa malaika. Ilikuwa mdomo wa serikali, basi. Walichotaka wewe usikie ndicho ulichosikia. Nyimbo zilikuwa zinachujwa na watu waliokaa kwenye kamati, na wanamuziki waliorekodi pale waliondoka na sifa mfukoni badala ya hela. Walipokuja wapinzani wa kisiasa, redio ile iliwasikia kwa sikio moja. Nayajua na niliyalalamikia wakati huo. Lakini hata redio ya serikali yenye kiburi chote kile ilikuwa na nafasi ya karatasi ya mtu aliyefiwa.

Shangazi alipata habari siku ya tisa, kwa dereva wa bodaboda aliyepeleka mbolea. Akaazima simu ya huyohuyo bodaboda akanipigia. Nikaanza kujitetea, tulikupigia sana, simu yako, jirani, mtendaji. Akanikatiza, "Redio ilikuwa wazi siku zote, baba. Hawakusema."

Nimeshindwa kumwambia kwamba niliwaomba wakakataa. Nimemwambia tangazo lilichelewa.

NYONGEZA: Naona mnaniuliza PM na hapa nitaje kituo. Sitataja, yule kijana nae ana kazi yake na hakuitunga yeye hiyo fomati. Na wewe uliyeandika "nunua simu janja umpelekee", mtandao wa kule unaushika ukipanda juu ya kichuguu, njoo nikupe nauli ukaone.

Ninachoomba ni kimoja. Arobaini inakaribia, na ndugu wa Kaliua bado hatujawapata wote. Anayejua kituo kinachosikika Urambo na Kaliua, kinachosoma tangazo moja kwa bei ya tangazo moja, aniwekee hapa. Na kama kipo, aniambie kiko masafa gani, nimpe bodaboda kitufe cha redio akamfungie shangazi.