Mrejesho: saa za kompyuta za ofisi kupishana

Wakuu, niliuliza kwa nini kompyuta za ofisi yetu hapa Busia, upande wa Uganda, zinapishana saa, na umeme ukikatika moja inarudi miaka ya nyuma hadi kivinjari kinakataa tovuti zote kwa madai kwamba vyeti vya usalama si halali.

Hiyo moja ilikuwa betri tu ya CR2032 kwenye ubao mama, ile inayotunza saa umeme usipokuwepo. Imebadilishwa, yameisha.

Kupishana ndiko kulikokuwa na kazi. Nimefuata ushauri wa yule ndugu aliyesema mashine moja iwe kiongozi: chrony (programu ya kulinganisha saa) iko kwenye seva ya Linux, inachukua saa ug.pool.ntp.org (kundi la seva za saa mtandaoni), na nyingine zote zinaiuliza yenyewe. Kwenye faili lake la mipangilio, chrony.conf, niliongeza "allow 192.168.1.0/24" ili kompyuta za mtandao wetu wa ndani ziruhusiwe kuiuliza, pamoja na "local stratum 10" ili intaneti ikipotea (na huku hupotea kweli) iendelee kuzihudumia zenzake. Zote zilibaki kimya mpaka nilipofungua UDP 123, mlango unaotumiwa na huduma ya saa, kwenye fayawoli (kinga ya mtandao) ya seva.

"makestep 1 3" ilikuwemo tayari: tofauti ikizidi sekunde 1, saa inarushwa mara moja, ila katika masahihisho 3 ya kwanza tu. Baada ya hapo inavutwa taratibu, nami napenda hivyo, kwani risiti hazirudi nyuma ghafla.

Sasa amri ya "chronyc tracking" inaonyesha tofauti ya milisekunde chache. Imebaki Windows moja kaidi: "w32tm /resync", amri ya kuilazimisha kusawazisha saa, inadai haipati data ya saa. Mwenye mbinu anisaidie.