Mrejesho: Nimepata kazi ya ukarani wa hesabu bila digrii

Wakuu, nimerudi. Miezi michache iliyopita niliuliza kama mtu asiye na digrii anaweza kupata kazi ya kuanzia kwenye fedha au utunzaji wa vitabu vya hesabu. Nimepata! Nitakuwa karani wa hesabu, upande wa kuwalipa wauzaji.

Kilichonifungulia njia ni ule ushauri wa kuacha kukimbilia matangazo ya "mhasibu" na kutafuta karani wa ankara, wa mishahara, au wa kuingiza data.

Kwenye usaili nilipewa taarifa ya benki na daftari la fedha, nikaambiwa nivilinganishe. Salio zilipishana kwa 270. Nikakumbuka mazoezi ya leja (daftari kuu la hesabu): tofauti ikigawanyika kwa 9, huenda tarakimu zimegeuzwa. Nikapitia mstari kwa mstari, mikono ikitetemeka, na kweli, 630 ilikuwa imeandikwa 360.

Cheti changu cha kozi fupi walikitazama tu. Jedwali la Excel la hesabu za kikundi nilichojitolea, hilo waliliuliza maswali mengi.

Aliyenishauri nijitolee, asante sana. Naanza Jumatatu.