Nimechaguliwa kamati ya mradi wa tuta la mto, nikaulize nini?

Cherehani Nne
Wakuu, habari za jioni. Niko mji mmoja wa bara, jina naomba nilihifadhi. Mto unapita katikati, na kila masika mitaa miwili ya chini inaingia maji. Sasa umekuja mradi wa kuchimba mchanga uliojaa mtoni, kupanua makalavati na kujenga tuta, yaani ukingo wa kuzuia maji, upande wa sokoni. Mkutano wa mtaa umenichagua niingie kamati ya wananchi. Wiki ijayo mhandisi mshauri anakuja na michoro.

Wenye nyumba karibu na mto wanataka niongelee fidia tu. Wenye bustani za mboga ng'ambo wanasema tuta likijengwa huku, maji yatahamia kwao. Mtendaji naye anasema kazi ya kamati ni "kuelimisha wananchi wasilete upinzani". Mimi fundi cherehani, michoro ya mito siijui. Nianzie wapi?

Mlala Macho
Kula posho ya kikao, saini, rudi kwenye cherehani yako. Hiyo mradi ilishaamuliwa zamani.

Mtoto wa Mkondoa
Usimsikilize huyo. Mimi wa Kilosa. Tuta letu ni la tangu enzi za mkoloni na lilitusitiri miaka mingi. Mwishoni mwa 2009 kuingia Januari 2010 mto wetu, Mkondoa, ukalipasua, maelfu wakaishia kwenye mahema na reli ya kati ikakatika.

Kuna mambo mawili ukaulize. La kwanza, mchanga unatoka wapi? Maji yanayotuua Kilosa mengi hayanyeshi Kilosa, yanateremka kutoka upande wa Mpwapwa na Gulwe yakiwa yamebeba udongo. Mkichimba mtoni pale mjini bila kugusa huko juu, masika mawili tu mchanga umerudi. Waulize bodi ya maji ya bonde lenu inahusikaje, maana mto hauishii kwenye mpaka wa halmashauri.

La pili, mkandarasi akiondoka nani analitunza tuta? Tuta la udongo haliuawi na mafuriko peke yake. Ng'ombe wanalikata njia, watu wanapanda mahindi juu yake, panya wanatoboa, mti unakauka mizizi inaacha tundu. Wakikujibu "jamii italitunza", uliza kwa fedha ya fungu gani, na nani ana mamlaka ya kumtoa mwenye ng'ombe.

Mpima Viwanja
Kwenye fidia niongeze kidogo, watu wengi wanadhani ni bei ya nyumba tu. Kuna ardhi, jengo na mazao, halafu posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na usafiri wa mizigo ya tani 12 kwa kilomita 20. Kwa Sheria ya Uthamini ya 2016, malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe. Ukipita huo muda riba inaanza kuhesabika, na ikipita miaka miwili uthamini unarudiwa.

Ila waambie ukweli wenye nyumba. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hapo ndipo ugomvi huanzia, nyumba ipi iko ndani ya mstari na ipi iko nje. Taka mstari wa hizo mita 60 upimwe na kuwekewa vigingi mchana kweupe, kamati ikiwepo, kabla mthamini hajaingia mtaani.

Jirani wa Jangwani
Huku Dar bonde la Msimbazi, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na wengine wakarudi bondeni kwa sababu riziki iko Kariakoo. Mwaka 2018 ikajaribiwa njia nyingine: wakazi, wahandisi na watu wa serikali wakakaa vikao mfululizo juu ya mpango wa bonde zima. Na kabla ya hapo kulikuwa na Ramani Huria, wanafunzi wakipita na wenyeji kuchora mifereji na sehemu maji yanapofika.

Hilo hata wewe unaliweza. Zungukeni na futi yako ya ufundi, pimeni alama za maji kwenye kuta, andikeni nyumba na mwaka. Mhandisi akija na kompyuta, ninyi mna daftari. Mimi ningeanzia hapo.

Nyakach wa Nzoia
Mimi ni wa Kenya, Budalangi. Matuta ya mto Nzoia yamevunjika mara nyingi, na maji yanaweza kuja usiku. Uliza pia habari ya onyo la mapema. Sisi tuna redio ya jamii, Bulala, inatangaza hali ya mto kwa lugha ya nyumbani. Tuta bila onyo linafanya watu walale fofofo.

Cherehani Nne
Asanteni sana, sikutegemea. Hawa wa ng'ambo je? Wana haki au ni woga?

Mtoto wa Mkondoa
Wana haki, mkuu. Ukiubana mto upande mmoja, maji yanapanda na kutafuta upande ulio chini. Muulize mhandisi: mafuriko makubwa yakija, ng'ambo maji yatapanda sentimita ngapi ukilinganisha na sasa? Akisema hayapandi, akuoneshe hesabu. Unaweza kuomba tuta lirudishwe nyuma, mto uachiwe nafasi ya kutanuka. Na kuna kosa linalosahaulika: mvua ikinyesha ndani ya mji, maji ya mitaro yatatokaje nje ya tuta? Lazima kuwe na milango ya maji, la sivyo mtazama kwa maji yenu wenyewe.

Mpima Viwanja
Na ile karatasi ya mahudhurio, soma kichwa chake kabla ya kusaini. Ikiandikwa "walioridhia mradi", kata kwa kalamu, andika "waliohudhuria". Hiyo huambatanishwa kwenye ripoti ya tathmini ya mazingira kama ushahidi kwamba mlishirikishwa. Taka muhtasari wa kikao uandikwe mlichokikataa pia, nakala ibaki kwenu.

Cherehani Nne
Nimeelewa. Nitaomba wa ng'ambo wapewe wajumbe wawili kwenye kamati, mtendaji akikataa nitataka iandikwe. Jumamosi tunaanza kupima kuta. Mpima Viwanja, nimekutumia PM (ujumbe wa faragha) kuhusu nyumba ya mama mmoja hapa hana hati.