Kinanda cha Motif XS hakioni flashi, nataka kusasisha mfumo wake

MwanaKibokoni
Assalam aleikum wanamuziki. Naomba ushauri kabla harusi za mfungo mosi hazijaanza. Kikundi chetu cha taarab hapa Mji wa Kale kina Yamaha Motif XS7, toleo la 2007, na mfumo wake ni ule uliotoka nao kiwandani. Nimeshusha faili la mfumo mpya nikalitia kwenye flashi mpya ya GB 64. Nikiichomeka, kinanda ni kama hakuna kitu. Kwenye laptopu flashi hiyo yafunguka vizuri. Ndani ya kinanda mna sauti za ganuni na udi tulizomrekodi mzee wetu, na sasa ni mgonjwa, hawezi tena kupiga. Siwezi kubahatisha.

MpigaBesi_Nyali
Mimi nashuku tundu. Hewa ya bahari huziharibu sana chuma hizi, hasa kinanda kikikaa karibu na dirisha. Na hakikisha umechomeka pale palipoandikwa TO DEVICE. Lile la TO HOST ni la kuungia kompyuta.

FundiWaTudor
Wa aleikum salaam. Ndugu, usiguse mfumo mpaka sauti za mzee ziwe salama. Sauti za kurekodi hukaa kwenye DIMM, yaani kumbukumbu ya muda ya kinanda, na hiyo ukizima umeme husahau kila kitu. Kwa hivyo lazima kuna faili mnalopakia kila mkiwasha. Mwalipakia kutoka wapi?

MwanaKibokoni
Kutoka flashi kuukuu ya GB 2, huchomekwa hapo hapo TO DEVICE. Hiyo yasomeka bila tabu.

FundiWaTudor
Basi tundu ni zima, tuliache. Kwanza itie hiyo kuukuu kwenye laptopu, tafuta faili linaloishia na .X0A, linakili kwenye laptopu na kwa mtu mwengine pia. Usiitumie hiyo flashi kwa kazi ya kusasisha hata kama yasomeka, maana ndiyo iliyobeba amana yenu.

Sasa hii mpya. Flashi za GB 64 mara nyingi hutoka dukani zikiwa na mpangilio wa mafaili uitwao exFAT. Motif XS yafahamu FAT16 na FAT32 tu, hiyo nyingine ni kama haipo. Na ukijaribu kuifomati kwa njia ya kawaida ya Windows, huenda usiione FAT32 kabisa, kwa sababu dirisha lile limekuwa likikomea GB 32. Fungua diskpart, ile programu ya Windows ya kuandikia amri za diski, andika list disk, halafu chagua flashi kwa kutazama ukubwa wake. Tazama mara mbili! Ukichagua diski ya laptopu umefuta kila kitu. Kisha clean, convert mbr, create partition primary size=4000, format fs=fat32 quick, assign. Utapata sehemu ya GB 4, yatosha na kubaki. Hiyo convert mbr usiiruke: vifaa vya zamani vingi havisomi jedwali la GPT, namna mpya ya kugawa diski; MBR ndiyo ya zamani.

Faili ulilolishusha lifungue kutoka kwenye zipu, uliweke peke yake, nje ya folda yoyote, na jina usilibadilishe. Wakati wa kusasisha umeme usikatike. Tumia UPS (betri ya akiba), au jenereta ya ukumbini.

Salma_Sauti
Naongeza: ijaribu flashi kwa H2testw, programu ya kupima uwezo wa flashi, kabla ya kuifomati. Kuna flashi zinazoandikwa GB 64 na uwezo wake ni mdogo kabisa. Zapokea faili, ukilisoma limeharibika. Faili la mfumo likiwa bovu ni balaa. Diski kubwa za nje pia usijaribu: tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, nyingine huhitaji zaidi.

MwanaKibokoni
Flashi ilikuwa exFAT kweli. H2testw imeipitisha, nikafuata diskpart, na kinanda kimeiona papo hapo. Mfumo umeingia, nikapakia .X0A na ganuni ya mzee imelia sawasawa. Nakala moja iko kwa mwanawe. Mungu awalipe.

Kayamba_Likoni
Samahani kudandia uzi. Mimi nina Korg Triton ya 1999, ile ya flopi. Flashi haina pa kuingia. Nifanyeje?

FundiWaTudor
Tafuta flopi ya MB 1.44, ile yenye matundu mawili pembeni. Yenye moja ni ya KB 720. Kama kisomeo kimechoka, kuna vifaa vinavyokaa mahali pake na kupokea flashi, lakini uliza kwanza kama vyakubali Triton. Fungua uzi wako, utuwekee picha ya kisomeo.